Zafarani: Ua la vuli ya wenzetu na hesabu ya mkulima wa Lushoto

MWEZI Novemba 2021 mjomba wangu anayeishi Lushoto, mkoani Tanga, alinipigia simu alfajiri. Sikuwa nimemaliza hata kumwamkia. "Mtaalamu, njoo uone," alisema. "Zafarani imechanua."

Wiki ile ile nilikuwa shambani kwake. Pembeni mwa kabichi na karoti alikuwa ametengeneza tuta dogo na kulizungushia wavu wa kuzuia kuku. Ndani yake maua ya zambarau yalikuwa yamechomoza moja kwa moja kutoka ardhini, bila shina la kuonekana, kila moja likiwa na urefu wa kidole. Mjomba alikuwa amenunua matunguu 50 kwa mfanyabiashara aliyemfahamu kwa simu tu, kila moja kwa Sh3,000, jumla Sh150,000. Alipewa pia karatasi yenye maelezo: kilo moja ya zafarani ni mamilioni ya shilingi, soko liko Uarabuni, mmea unajizalisha wenyewe ardhini, mkulima hana cha kupoteza.

Mezani kwake kulikuwa na fomu ya mkopo wa SACCOS wa Sh6 milioni, za kununulia matunguu mengine 2,000. Dhamana ilikuwa shamba lile lile tulilokuwa tumesimama. Kilichobaki ni mchanganuo wa biashara, na hiyo ndiyo kazi aliyoniitia.

Nakiri kwamba hata mimi niliyashangilia maua yale. Mtu aliyesomea uchumi wa kilimo akiona ua limechanua mbele ya macho yake hushawishika kama mtu mwingine yeyote. Ilinichukua siku mbili za kuandika namba ndipo nikaanza kuona kwamba ua lile lilikuwa linaniambia habari za mahali pengine kabisa.

Nyuzi tatu tu

Sisi watu wa Pwani zafarani tunaijua tangu utotoni. Jina lenyewe tumelipata kwa Waarabu. Tunaiweka kwenye biriani, imo kwenye halua ya Oman, na wengi wetu tuliwahi kunywa kombe lililoandikwa kwa wino wa zafarani na maji ya waridi tulipougua. Ukienda Darajani, Unguja, utaikuta kwenye vikopo vidogo ndani ya kabati la vioo, karibu na mwenye duka, si kwenye magunia pamoja na iliki na mdalasini. Lakini tumeijua kama wanunuzi. Ua lenyewe wachache wetu tumeliona.

Kinachouzwa ni nyuzi tatu nyekundu zilizo katikati ya ua, sehemu ambayo katika somo la sayansi tuliiita stigma, inayopokea chavua. Petali hutupwa, na vijiti vya njano vya chavua havitakiwi. Ua moja lina nyuzi tatu tu, na nyuzi hizo zikikaushwa hupoteza kama asilimia 80 ya uzito wake. Ndiyo maana inahitajika wastani wa maua 150 kupata gramu moja, au maua 150,000 na zaidi kupata kilo.

Mmea wenyewe kitaalamu huitwa Crocus sativus. Ni mmea wa ajabu kidogo. Hauzai mbegu. Una seti tatu za kromosomu badala ya mbili, kwa hiyo ni tasa, na haupatikani popote porini. Wataalamu wa vinasaba walithibitisha mwaka 2019 kwamba ulitokana na ndugu yake wa porini, Crocus cartwrightianus, anayeota Ugiriki, katika eneo la Attica karibu na Athens. Wakazi wa kale wa Ugiriki walikuwa wakilichuma ua la jamii hiyo miaka ipatayo 3,600 iliyopita: katika kisiwa cha Santorini, chini ya majivu ya volkano, ilifukuliwa michoro ya ukutani inayoonyesha wanawake wakichuma krokasi. Tangu mmea huo tasa ulipopatikana, zafarani imesafiri kwa mikono ya watu, tunguu kwa tunguu, hadi Iran, Kashmir, Hispania na Morocco.

Jambo hili la utasa lina maana kubwa kwa mkulima. Anayekuuzia pakiti ya "mbegu za zafarani" za kumwaga kama mchicha anakuuzia kitu kingine. Mara nyingi ni mmea wa jamii ya alizeti, wenye maua ya rangi ya chungwa, ambao petali zake zilizokaushwa zimekuwa zikiuzwa masokoni kama zafarani tangu zamani. Unatoa rangi, lakini harufu na ladha ya zafarani hautoi. Mbegu halisi ya zafarani ni tunguu: limebapa, limevikwa nyuzi za kahawia kama za katani, na linalingana kwa ukubwa na kitunguu saumu cha punje moja.

Ndugu wanaofanana

Niliinama nikayahesabu maua ya mjomba. Yalikuwa 40. Kati ya hayo, 31 yalikuwa na nyuzi tatu ndefu, nyekundu iliyokoza, zilizoning'inia hadi nje ya petali. Tisa yalikuwa tofauti. Rangi yake ilielekea zaidi kwenye buluu, petali zilikuwa na mishipa kama mistari ya kalamu, na katikati hapakuwa na nyuzi tatu bali kishungi cha rangi ya chungwa kilichochanika-chanika kama ncha ya mswaki uliotumika sana. Nilikinusa, hakikuwa na harufu ya zafarani.

Hapo ndipo inabidi tuelewane kuhusu neno vuli. Sisi tukisema vuli tunamaanisha mvua za Oktoba hadi Desemba. Kwa watu wa Ulaya, Uturuki na Iran, vuli ni kipindi kati ya joto kali na baridi kali, kuanzia Septemba hadi Novemba, majani ya miti yanapopukutika. Krokasi zina spishi zaidi ya 100. Nyingi huchanua baridi inapoisha, lakini kundi kubwa huchanua vuli. Zafarani imo katika kundi hilo la vuli, pamoja na ndugu wengi ambao kwa mbali huwezi kuwatofautisha nayo.

Yale maua tisa yalikuwa Crocus speciosus, ua la asili ya Uturuki, Kaukazi na Iran. Wazungu wanalipenda bustanini kwa sababu halina masharti mengi. Linatoa mbegu, linatoa vitunguu vidogo pembeni, halidai kiangazi cha kuchoma, na ukilipanda kwenye majani ya ua wa nyumba huenea lenyewe. Ukilinganisha kwa urahisi wa kulima, linaishinda zafarani kwa mbali. Ukilinganisha kwa mfuko wa mkulima, nyuzi zake hazina bei.

Wapo wengine. Crocus kotschyanus wa Uturuki, Syria na Lebanon ana rangi ya zambarau iliyopauka na madoa ya njano kooni. Crocus pulchellus wa Balkani anatambulika kwa vijiti vyeupe vya chavua. Crocus nudiflorus wa milima ya Pyrenees, kati ya Ufaransa na Hispania, hutambaa chini kwa chini, na maua yake hutoka vuli wakati majani hayajaonekana. Crocus goulimyi wa kusini mwa Ugiriki hakujulikana kwa wanasayansi hadi miaka ya 1950. Wote hawa ni mali ya wauza maua, si ya wauza viungo. Huzalishwa zaidi Uholanzi na kuuzwa kwa ukubwa wa mzingo wa tunguu, sentimita kwa sentimita, na bei yake kwa kawaida iko chini ya ile ya matunguu makubwa ya zafarani. Hapo kuna kishawishi: tunguu la zafarani na la ndugu yake, yakiwa makavu kwenye mfuko, mtu asiye na mazoea hawezi kuyatenganisha.

Mmoja wa ndugu wenye nyuzi nyekundu zinazokaribia za zafarani ni yule mzazi wake wa porini, cartwrightianus. Nyuzi zake zina harufu pia, ila ni fupi. Yeye na zafarani wana tabia moja isiyo ya kawaida: ua likishafunguka halifungi tena usiku wala wingu likitanda, wakati krokasi nyingine nyingi hujifunga. Mzazi huyu anatoa mbegu, lakini mavuno yake ni madogo, na sijui mkulima wa kibiashara aliyemchagua akamwacha mtoto.

Yupo pia mmoja ambaye si ndugu kabisa, na huyu ni wa kuogopwa. Wazungu humwita zafarani ya mbugani, na jina lake la kitaalamu ni Colchicum autumnale. Huchanua vuli, ana rangi ile ile, naye hutoka ardhini bila majani. Kila sehemu yake ina sumu iitwayo kolchisini. Sumu hiyo kwa kipimo kidogo sana ni dawa ya ugonjwa wa jongo, na kwa kipimo kikubwa kidogo huua. Ulaya wamekufa watu waliochuma majani yake wakidhani ni kitunguu saumu cha porini. Kumtambua ni rahisi ukijua pa kutazama. Hesabu vijiti vya njano vya chavua. Krokasi yoyote ina vitatu, huyu ana sita. Tunguu lake pia ni kubwa zaidi. Sumu hiyo hiyo imo katika ua letu la porini jekundu lenye kingo za njano linaloparamia vichaka, Gloriosa superba, kwa hiyo si jambo la nchi za mbali peke yake.

Tuta la mjomba halikuwa na vijiti sita hata kwenye ua moja. Nilishukuru Mungu.

Matunguu 2,000 ni gramu ngapi?

Turudi kwenye fomu ya SACCOS. Tulizichuma nyuzi za maua 31, tukazikausha kivulini juu ya karatasi, tukazipeleka mjini kwa sonara mwenye mizani ya dhahabu. Zilikuwa nyuzi 93. Mizani ilisoma gramu 0.2. Hiyo ni sawasawa na kanuni ya maua 150 kwa gramu.

Tunguu zuri, lenye uzito wa gramu 10 na kuendelea, hutoa ua moja hadi matatu. Lililo chini ya gramu 8 hivi kwa kawaida hutoa majani tu. Tuchukue wastani wa ua moja na kidogo kwa tunguu: matunguu 2,000 yatatoa maua 2,400. Hayo ni gramu 16. Hata tukiiuza rejareja kwa dola tano za Marekani kwa gramu, tunapata dola 80, ambazo kwa kiwango cha wakati ule hazikufikia Sh200,000. Mkopo ni Sh6 milioni, kabla ya riba.

Mjomba hakuamini. Karatasi ya muuzaji ilitaja kilo, naye alikuwa amefikiria matunguu 2,000 ni shamba. Kumbe yakipandwa 50 kwa mita moja ya mraba, kama ilivyo kawaida katika mashamba ya kisasa, yanajaza mita za mraba 40 tu. Sebule mbili za nyumba. Ili apate kilo moja kwa msimu angehitaji matunguu yapatayo 125,000, na kwa bei ile ya Sh3,000 hiyo ni Sh375 milioni.

Bei ya kilo ndiyo iliyowahi kutuumiza mara nyingi. Mwaka 2003 na 2004 vanila ilipofikia karibu dola 500 kwa kilo katika soko la dunia, wakulima wa Kagera na Uganda waliingia kwa kasi; mwaka 2005 bei ilikuwa imeporomoka hadi chini ya dola 50. Mwaka 2013 na 2014 ilikuwa zamu ya kware, wakati aliyevuna zaidi alikuwa muuza vifaranga na mayai ya kutotolesha. Zafarani ina tofauti moja: bei yake haijaporomoka namna hiyo, kwa jumla huuzwa zaidi ya dola 1,000 kwa kilo. Lakini bei hiyo haimpi mkulima faida kwa sababu ya thamani ya ardhi au mbolea. Inalipa mikono. Kilo moja, kuanzia kuchuma hadi kuchambua, hula kati ya saa 370 na 470 za kazi. Na saa hizo hazigawanyiki mwaka mzima. Ua hudumu siku moja au mbili, huchumwa alfajiri kabla jua halijalifungua, na msimu wote huisha katika wiki mbili au tatu.

Wanaoiweza wanaiwezaje

Iran hutoa takribani asilimia 90 ya zafarani ya dunia, na sehemu kubwa hutoka Khorasan, mashariki mwa nchi, kwenye miji kama Torbat-e Heydarieh na Qaen. Kwa hekta moja mkulima wa huko huvuna kilo tatu hadi tano hivi. Kwa macho ya mtaalamu wa mavuno ni kidogo mno, lakini tazama gharama zake. Matunguu hayanunui kwa dola. Anayachimba shambani kwake au kwa jirani. Wachumaji ni watu wa nyumba yake na majirani. Maji anayohitaji ni machache, na miezi ya kiangazi hamwagilii kabisa, jambo ambalo katika nchi kavu lina thamani kubwa kuliko rutuba. Mwezi Oktoba hufungulia maji shambani mara moja kulainisha udongo, kisha maua yanatoka. Shamba hukaa miaka mitano hadi saba kabla ya kung'olewa, na mwaka wa kwanza huwa hautegemewi.

Kuvuka mpaka, katika mkoa wa Herat nchini Afghanistan, zao hili lilisukumwa miaka ya 2000 ili lishike nafasi ya kasumba. Baadhi ya walioanza walikuwa wakimbizi waliorudi kutoka Iran wakiwa na ujuzi wa kazi hiyo. Wachumaji wengi huko ni wanawake.

Hispania inatupa somo la upande wa pili. Katika nyanda za La Mancha familia zilikuwa zikikaa kuzunguka meza usiku, mlima wa maua katikati, kila mtu akichomoa nyuzi kwa vidole. Kazi hiyo huitwa monda. Mji wa Consuegra una sherehe ya ua la zafarani kila Oktoba tangu mwaka 1963. Sherehe imebaki, mashamba yamepungua kutoka maelfu ya hekta mwanzoni mwa miaka ya 1970 hadi mamia machache. Hakuna ugonjwa uliyoyamaliza. Ujira ulipanda, vijana wakaenda mijini, na alfajiri za Oktoba zikakosa watu. Leo wafanyabiashara wa Hispania wenyewe hununua zafarani ya Iran kwa wingi.

Pampore, katika bonde la Kashmir, tatizo ni jingine. Huko wanategemea mvua ya Septemba ili tunguu liamke. Mvua ikikosekana, au ikija kwa wakati mbaya, maua yanapungua. Kuoza kwa matunguu kwa ugonjwa wa kuvu wa Fusarium humaliza yaliyobaki, na nyumba za watu zinazidi kuchukua ardhi. Eneo la zafarani lilishuka kutoka hekta zaidi ya 5,700 katikati ya miaka ya 1990 hadi takribani 3,700 mwaka 2010, serikali ya India ilipoanzisha mpango maalumu wa kulifufua zao hilo.

Wote hawa wana kitu kimoja ambacho mjomba hakuwa nacho. Wana kalenda.

Ua lililotengenezwa kwingine

Karatasi ya muuzaji ilikuwa na hoja moja ya maana: mmea unajizalisha. Ni kweli. Kila mwaka tunguu mama hufa na juu yake huota watoto kadhaa. Kwa hiyo gramu 16 za mwaka wa kwanza zingeweza kuwa 40, kisha 100. Hapo ndipo mkopo ungeweza kutetewa, na hapo ndipo nilimwomba mjomba asubiri msimu mmoja.

Sababu yangu ilikuwa hii. Ua la zafarani halitengenezwi siku linapochanua. Linatengenezwa miezi kadhaa kabla, ndani ya tunguu lililolala, wakati halina jani wala mzizi. Watafiti wa Hispania waliochapisha kazi yao mwaka 2005 walionyesha kwamba kijichipukizi hugeuka kuwa ua vizuri katika joto la nyuzi 23 hadi 27, kisha lazima joto lishuke hadi karibu nyuzi 17 ndipo ua litoke. Tunguu la mjomba lilipofika Lushoto, ua lilikuwa tayari ndani yake. Joto lilikuwa la ghala la huko lilikotoka. Ubaridi tu ndio uliokuwa wa Usambara. Lingechanua hata juu ya sahani mezani.

Siyo mfano wa mzaha. Iran na India wapo wanaopanga matunguu kwenye trei ndani ya vyumba vya giza, bila udongo wala maji, na yanachanua. Ukiona picha hizo kwenye simu ukaambiwa hiki ni kilimo cha chumbani, uliza picha ya mwezi unaofuata. Matunguu hayo baada ya kuvunwa lazima yarudishwe kwenye udongo na mwanga kwa miezi kadhaa ili majani yalishe watoto, vinginevyo mwaka ujao hakuna kitu.

Kazi hiyo ya majani huchukua nusu mwaka wa ubaridi wenye unyevu. Kisha tunguu linataka kiangazi chenye joto na ukavu. Hivyo ndivyo hali ya hewa ya nchi zinazozunguka bahari ya Mediterania ilivyo: mvua huja na baridi, ukavu huja na joto. Sisi ni kinyume. Njombe na Makete kuna baridi ya kutosha, hata jalidi mwezi Juni na Julai, lakini baridi hiyo huja kavu, na mvua za Novemba hadi Aprili huja na joto, wakati ambao tunguu lingetakiwa kuwa limelala pakavu. Lushoto nako kuna vuli, kisha masika, na katikati hakuna joto kavu la miezi mitatu.

Sisemi haiwezekani kabisa. Zafarani inalimwa Tasmania na New Zealand, kusini mwa ikweta kama sisi, ambako vuli yao ni Machi hadi Mei. Kama kituo cha utafiti kingetaka kujaribu, mimi ningeanzia Njombe kwa kalenda hiyo: kupanda Februari au Machi mwishoni mwa mvua, kumwagilia majani wakati wa baridi kavu, kung'oa Oktoba, na kuyahifadhi matunguu ghalani hadi mvua ziishe. Lakini hilo ni jaribio la kituo, la matunguu mia chache na vipimajoto, wala si la mtu aliyeweka shamba lake rehani.

Kwa anayenunua

Ulaghai wa zafarani ni wa kale. Huko Nuremberg, Ujerumani, mwaka 1444 mfanyabiashara mmoja alichomwa moto pamoja na zafarani yake ya kughushi. Siku hizi kuna kiwango cha kimataifa cha ISO 3632, kinachopima kwenye maabara nguvu ya rangi, uchungu na harufu, kisha kuipanga zafarani katika madaraja. Bei ya mkulima hufuata daraja hilo, kwa hiyo aliyekausha vibaya hupoteza fedha hata kama ua lake lilikuwa zuri.

Nyumbani maabara haipo, ila bakuli la maji ya uvuguvugu linatosha kwa sehemu. Nyuzi za kweli hutoa rangi ya dhahabu taratibu, na zenyewe hubaki nyekundu kwa muda mrefu. Za kughushi huachia rangi nyekundu papo hapo na kubaki zimepauka. Iliyosagwa usiinunue kwa mtu usiyemjua. Manjano na pilipili nyekundu vikisagwa pamoja hufanana nayo sana. Tazama pia umbo: uzi wa kweli unapanuka upande mmoja kama tarumbeta.

Tuta la mjomba mwaka 2022

Mjomba alikubali kusubiri, kwa shingo upande. Fomu aliikunja akaiweka ndani ya msahafu, mahali anapoweka karatasi zote za maana. Majani ya zafarani yalikua, membamba kama ya nyasi, yakafika urefu wa shubiri. Masika ya 2022 yaliyakuta bado mabichi. Mwezi Novemba 2022 alinipigia tena simu, safari hii jioni. Hapakuwa na ua hata moja, si la zafarani wala la yule ndugu wa buluu.

Mei 2023 tulilifukua tuta pamoja. Zaidi ya nusu ya matunguu yalikuwa yameoza na kunuka. Yaliyosalia yalikuwa mengi kweli, kama karatasi ilivyoahidi, lakini mengi hayakuzidi punje za kunde. Kubwa kuliko yote tulilipima: gramu nne. Muuzaji alipopigiwa, namba yake haikupatikana.

Mkopo mjomba aliuchukua baadaye, Sh1.2 milioni, kwa ajili ya mipira ya kumwagilia karoti, na ameshaurejesha. Nyuzi zile 93 zilikaa kwenye karatasi ya sonara hadi mjukuu wake alipougua homa. Mwalimu wa madrasa alizisaga na maji ya waridi, akaandikia kombe. Alisema ni zafarani safi, hajaona kama hiyo siku nyingi, na akauliza imenunuliwa duka gani.